Mchikichini ya Nani? Utangulizi wa Elimu ya Mitaa na Mitazamo Yake

Dereva wa bajaji anayempakia abiria Kariakoo kumpeleka Ilala, akikwama kwenye foleni ya jioni karibu na Karume, humwambia, "Dada, simu weka ndani." Anasema kwa nia njema, na anasema kweli, kwa sababu simu hukwapuliwa hapo. Lakini dereva huyohuyo huenda amepanga chumba Mchikichini. Mkewe anakaanga vitumbua kibarazani, na mtoto wao wa miaka saba hutumwa dukani magharibi imeshaingia, peke yake, na hakuna anayehangaika. Dereva hajioni kuwa anajipinga. Onyo alilolitoa linamfaa mtu anayepita, na mtoto wake si mtu anayepita.

Elimu ambayo kitabu hiki kinakukaribisha kwayo inaanzia hapo. Inauliza kwa nini watu wawili wenye akili timamu, wakitembea barabara moja kwa saa moja, huona mitaa miwili. Ni nini katika malezi, kazi, jinsia au kabati la mavazi ya kila mmoja kimemfundisha kuona hivyo. Na ni mtazamo wa nani hatimaye unaogeuka kuwa amri ya polisi, mstari kwenye ramani ya mipango miji au jibu la ofisa mikopo. Kwa Kiswahili bado imeandikwa kidogo, ingawa mambo yake tunayabishania kila siku kwenye daladala. Wanaoifanya wametoka katika historia, jiografia, sosholojia, mipango miji na fasihi. Mlango wake uko wazi kwa yeyote aliyewahi kuulizwa "Unakaa wapi?" akafikiri kidogo kabla ya kujibu.

Kwa nini Mchikichini? Kwa sababu katika eneo dogo unaloweza kulizunguka kwa miguu asubuhi moja, kata hii imebeba namna nyingi za mji zilizowahi kujengwa Dar es Salaam. Ilala Kota ina asili ya nyumba za serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Mission Quarter imekua jirani na Kanisa Katoliki na Msimbazi Centre. Msimbazi Bondeni inashuka mpaka mtoni, ambako watu walijijengea wenyewe walipokosa pa kwenda karibu na soko. Juu kuna Soko la Karume, ambalo wengine huliita kwa jina la kata. Kuna Uwanja wa Karume, makao ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF). Na kuna Machinga Complex, jengo la ghorofa lililojengwa ili kuwatoa wamachinga barabarani, likakaa miaka na vizimba vitupu kwa kuwa mteja wa machinga ni mpita njia, na mpita njia hapandi ghorofa.

Muulize kijana wa Mbezi Beach, atakwambia Mchikichini ni mitumba na vibaka. Shabiki wa mpira atakwambia TFF. Mzee aliyezaliwa Kota miaka ya 1950 atakutajia majina ya familia nyumba kwa nyumba, na atakasirika ukimtajia vibaka, kwa sababu kwake hao ni watu wa kuja. Mpangaji aliyetoka Lindi au Tabora mwaka juzi atakwambia ni mahali penye kodi ya nafuu, unakoweza kwenda sokoni kwa miguu na kurudi usiku bila nauli. Kijana anayetafuta kazi ataandika "Ilala" kwenye barua yake, kwa sababu Ilala ni wilaya na haimhukumu mtu.

Jambo ambalo kitabu hiki kinalisimamia, na ambalo ningependa msomaji alijaribu mwenyewe kabla ya kulikubali, ni hili: hofu ya mgeni imetandaa mtaa mzima, lakini hofu ya mwenyeji ina anwani. Mgeni anaogopa Mchikichini. Mwenyeji haogopi Mchikichini; anaogopa uchochoro fulani kuanzia saa tatu usiku, anaogopa kona moja siku za mechi, anaogopa kijana mmoja ambaye tangu aanze unga hajulikani tena. Anajua kijiwe kipi kina watoto wa majirani na kipi kimeingiliwa. Simu ikiibwa, wapo wanaojua wamwone nani ili ikombolewe kabla haijauzwa. Ukimwambia mwenyeji kwamba mtaa wake ni hatari atakukatalia, na ukimwambia kwamba ni salama atakucheka. Kauli zote mbili ni pana mno kwake. Sera za miji, kwa bahati mbaya, hupenda kauli pana, na kwa hiyo mara nyingi hujengwa juu ya hofu isiyo na anwani.

Neno "mwenyeji" nalo lisitudanganye. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati inaweza kuwa na wenyeji wa namna sita chini ya bati moja. Mwenye nyumba, ambaye mara nyingi ni mrithi mmoja kati ya ndugu kadhaa wasioelewana kuhusu kuuza, anaona thamani ya kiwanja kilicho karibu na Kariakoo, na kila jengo refu linaloinuka jirani ni hesabu mpya kichwani mwake. Mpangaji wa chumba cha mbele anaona jengo hilohilo na kujua kwamba siku zake zinahesabika. Binti anayesoma sekondari anajua uani kuna usalama na faragha hakuna. Bibi wa nyumba anakaa barazani tangu alasiri, na kwa sababu anakaa pale, watoto wa nyumba tano wana mlinzi asiyelipwa.

Tofauti ya mwanamke na mwanamume ndiyo iliyochunguzwa kidogo kuliko inavyostahili. Mwanamume anapoeleza njia ya mkato kutoka sokoni hadi Barabara ya Kawawa, mara nyingi anaeleza njia ambayo dada yake hajawahi kuipita. Dada ana mkato wake, mrefu zaidi, unaopita mbele ya maduka yenye taa na mbele ya mama lishe anayemfahamu. Anahesabu pia mambo ambayo kaka hayahesabu: kuitwa, kushikwa mkono na muuzaji, kuzomewa kwa nguo aliyovaa. Ramani ya uhalifu ya kituo cha polisi haina alama za mambo hayo, kwa hiyo kwenye takwimu hayapo, na kwenye miguu ya wanawake yapo kila siku.

Wapo pia wanaoujua mtaa kwa saa chache tu, wakaujua sana. Soko la Karume alfajiri ni mfano mzuri. Belo la mitumba linapofunguliwa, kisu kinakata mikanda ya plastiki, nguo zilizobanwa miezi mingi zinafura kama mkate, na mikono inaingia kabla belo halijamaliza kutanuka. Waliowahi ni wenye maduka ya nguo, wanawake wa maofisini, wanafunzi wa vyuo wanaouza kwenye simu. Wanatafuta kamera, yaani nguo bora ambayo huenda haijavaliwa. Hakuna anayeongea sana. Ukishika blauzi unaishika, kwa sababu ukiiachia ili uangalie pindo imeondoka. Ikifika saa tatu asubuhi kilichobaki kinamwagwa chini na kunadiwa kwa bei ya kutupa. Mwanamke anayekaa Mikocheni, ambaye usiku asingekubali kushuka hapo hata akisindikizwa, alfajiri anasukumana na wanaume kwenye belo akiwa na pesa ndani ya sidiria na moyo umetulia. Ana Mchikichini yake, inayoisha saa nne. Tusimwite mgeni, na tusimwite mwenyeji. Elimu hii inahitaji nafasi ya watu kama yeye, kwa sababu katika mji wa biashara ni wengi kuliko tunavyodhani.

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Januari 2022 soko hilo liliungua. Nusu mwaka kabla, tarehe 10 Julai 2021, lilikuwa limeungua Soko Kuu la Kariakoo, jengo la Beda Amuli la miaka ya 1970. Kwa Kariakoo taifa zima lililia, na ilikuwa haki, kwa kuwa ni alama ya nchi. Kwa Karume kililia kikundi tu. Aliyekuwa akiliona soko la Karume kuwa rundo la mabanda yanayochafua mji, na aliyekuwa ameweka humo mkopo wa VICOBA uliodhaminiwa na wenzake, walisikiliza taarifa moja ya habari wakapata habari mbili.

Sifa mbaya ya mtaa haianzii mtaani. Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi mwaka 1891 zilizosema nyumba za aina gani zijengwe wapi: za mawe za mtindo wa Ulaya upande huu, za miti na makuti upande ule. Kanuni zilitaja vifaa vya ujenzi, na matokeo yake yakawa mgawanyo wa watu. Waingereza waliurithi wakaukaza. Uzunguni ukawa pwani, Uhindini katikati, na Waafrika wakawekwa Kariakoo, mahali palipokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kama mpaka. Kariakoo ilipojaa, Ilala ikapimwa. Tangu hapo Mwafrika wa mjini alianza kusomwa kwa anwani yake.

Mwaka 1944 ilitungwa sheria ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa, na waliolengwa hasa walikuwa vijana wasio na ajira ya kuandikiwa. Andrew Burton, katika kitabu chake cha 2005, amepekua nyaraka za serikali akaonyesha jinsi picha ya mhuni wa mjini ilivyopikwa ofisini na kurudishwa mtaani kama jambo la wazi lisilohitaji ushahidi. Sasa weka pembeni mwa sheria hiyo mambo yaliyotendeka kwenye mitaa ileile. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba. Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi, alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo. Bibi Titi Mohamed aliwafikia wanawake wa Dar es Salaam kupitia vikundi vyao vya lelemama na taarabu, na wakaingia chamani kwa maelfu. Susan Geiger amelieleza jambo hilo kwa kirefu katika kitabu chake cha 1997. Aliyewatazama wanawake wale kwa jicho la ofisa wa usalama aliona ngoma. Bibi Titi aliona chama, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa huko.

Kazi ya J. A. K. Leslie itatajwa mara nyingi katika kurasa zinazofuata, na ningependa msomaji aisome kwa heshima na kwa tahadhari. Leslie alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni. Katikati ya miaka ya 1950 aliongoza uchunguzi wa maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam, na kitabu kikachapishwa 1963. Aliingia majumbani, akaelewa uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji, akaona kwamba kinachoitwa vurugu kina kanuni zake. Hata hivyo aliyemtuma ndiye aliyeamua maswali. Kila mtafiti ana mtu aliyemtuma, awe serikali, mfadhili, chuo au nafsi yake tu inayotaka shahada, na swali la kwanza la kumuuliza ni hilo.

Uhuru haukubadilisha mtazamo wa juu kama tungetarajia. Siasa ya vijiji vya ujamaa ilimtaka mwananchi shambani, na kijana wa mjini asiye na ajira rasmi akaonekana mzigo. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, na watu wakakamatwa barabarani na kupelekwa vijijini. Ilikuwa ni miaka ambayo mshahara ulikuwa haumfikishi mtu katikati ya mwezi, na aliyelisha familia alikuwa mama wa maandazi. Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Dar es Salaam wakati huo, alionyesha kwamba shughuli zilizoitwa uzururaji ndizo zilizoubeba mji. Emily Callaci, katika kitabu cha 2017, amefuatilia riwaya fupi za mapenzi na upelelezi zilizokuwa zikiuzwa barabarani, akaonyesha kwamba zilikuwa pia kumbukumbu za vijana wa mjini walioambiwa kwamba mji si wao. Wahakiki wetu wengi walizipuuza riwaya hizo. Nadhani walikosea sana, kwa sababu humo mtaa unaelezwa na watu waliokuwa wakilala humo.

Desemba 2018 Rais Magufuli akaanzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kwa kimoja, na machinga mwenye kitambulisho akawa hasumbuliwi na mgambo. Oktoba 2021 machinga wakaondolewa barabarani na kupangiwa maeneo, Karume na Machinga Complex yakiwa miongoni. Kijana yuleyule mwenye bunda la soksi begani amekuwa, ndani ya kumbukumbu za babu na mjukuu, mtu asiyetakiwa, mzururaji, mjasiriamali, na mtu aliyekaa mahali pasipo pake. Soksi hazikubadilika. Ninasisitiza historia hii kwa sababu wanafunzi wengi huja na dhana kwamba mtazamo ni jambo la moyoni mwa mtu mmoja mmoja, kama vile kupenda au kutopenda dagaa. Mitazamo mingine ilitungiwa sheria kabla wenye nayo hawajazaliwa.

Wenzetu wa kwingineko wametutangulia katika baadhi ya mbinu. Kevin Lynch, mwaka 1960, alichapisha uchunguzi wa Boston, Jersey City na Los Angeles uliowaomba watu wachore mji kwa mkono wao kutoka kichwani. Herbert Gans alikwenda kuishi West End ya Boston mwishoni mwa miaka ya 1950, eneo la Wamarekani wenye asili ya Italia ambalo wapangaji wa mji walikwisha kulihukumu kuwa bovu. Alikuta jamii iliyoshikamana. Kitabu chake kilitoka 1962, na kufikia wakati huo tingatinga lilikuwa limeshapita. Norbert Elias na John Scotson, mwaka 1965, walieleza kitongoji cha Uingereza ambamo familia za zamani na familia zilizohamia, watu wa tabaka moja na rangi moja, walitengana kwa sababu tu ya nani alitangulia kufika. Mzee wa Ilala Kota anayesema "vibaka ni watu wa kuja" angekielewa kitabu hicho bila mwalimu.

Utafiti ninaoupendekeza kuliko yote ni wa Robert Sampson na Stephen Raudenbush, uliochapishwa 2004. Huko Chicago, gari lilipita polepole mitaani likirekodi kwa kamera kila kilichoonekana: takataka, michoro ukutani, watu wanaokunywa hadharani. Kisha wakazi wakaulizwa wanaona vurugu kiasi gani mtaani kwao. Ilidhihirika kwamba majibu ya watu yalifuata zaidi rangi na umaskini wa wakazi wa mtaa kuliko takataka zenyewe. La kuumiza zaidi, wakazi weusi nao hawakuepuka kuona hivyo. Maana yake ni kwamba aliyedharauliwa anaweza kuazima miwani ya anayemdharau. Nawaomba watafiti wetu wasiharakishe kuihamishia rangi ya Chicago Dar es Salaam. Kwetu miwani hiyo imetengenezwa kwa mambo mengine: mavazi, lafudhi, dini ya jirani, mkoa aliotoka mtu, na kama nyumba ina geti.

Karibu zaidi na kwetu, Unguja ina Ng'ambo, ambayo Laura Fair na Garth Myers wameiandikia kwa makini, na ambako waliotazamwa kutoka Mji Mkongwe kama watu wa upande wa pili walijitengenezea mitindo, muziki na siasa zao. Nairobi ina Eastleigh. Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, polisi waliingia huko na kuwakamata maelfu ya watu, wengi wao wakiwa Wasomali, katika mtaa ambao kwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki nzima ni soko la jumla. Sisi wenyewe tuna singeli, muziki wa uswahilini uliotajwa kwa kinywa kilichopinda miaka ya mwanzo, na ambao baadaye ulipanda majukwaa ya kampeni za kisiasa na matamasha ya Ulaya. Sauti haikupunguzwa kasi. Aliyeipigia makofi ndiye aliyebadilika.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba tunafundisha kuwa hatari ni mambo ya macho tu. Hapana. Watu wamekabwa Mchikichini. Mwaka 2015, na tena 2022, vijana walioitwa Panya Road walizua hofu Dar es Salaam, na katika hofu hiyo yalikuwamo mapanga ya kweli na uvumi mwingi. Kazi yetu ni kuvitenganisha bila kudharau chochote kati ya hivyo viwili. Na bonde la Msimbazi ndilo linalotupa mtihani mgumu kuliko wote.

Desemba 2011 mafuriko yaliua makumi ya watu Dar es Salaam. Serikali iliwapa baadhi ya waathirika wa mabondeni viwanja Mabwepande, mbali nje ya mji, na wapo waliorudi. Waliotazama kutoka mbali waliwaita wakaidi, wajinga, watu waliozoea mteremko. Kaa nao kidogo. Mwanamke anayeuza chakula Kariakoo, anayeondoka nyumbani saa kumi usiku kuwahi jiko, akihamia Mabwepande amepoteza kazi kabla mvua haijanyesha. Maji huja baadhi ya miaka. Njaa huja kila jioni. Yeye haoni bonde salama. Analijua kuliko mhandisi yeyote, anajua ukuta upi hupasuka kwanza na kitanda kiinuliwe matofali mangapi. Amelinganisha hatari mbili akachagua ile anayojua kupambana nayo. Tukumbuke pia kwamba katika bonde lilelile, upande wa Jangwani, ilijengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016, na mafuriko yakaifunga mara kwa mara. Kosa la kupima bonde vibaya halikuwa la maskini peke yao, lakini ni wao peke yao walioitwa wajinga.

Sisemi wabaki mtoni. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba watu wasilale mahali ambapo maji yatawakuta usingizini. Ninachosema ni kwamba anayewahamisha anapaswa kwanza kujua wameona nini hapo, kwa sababu asipojua atawapeleka mahali watakapopakimbia.

Kwa msomaji anayetaka kuanza utafiti, neno moja kuhusu njia. Barua yako itapita mkoani, wilayani, katani, mpaka ofisi ya serikali ya mtaa, na mwenyekiti atakupa mjumbe wa kukutembeza. Mshukuru, tembea naye, kisha rudi siku nyingine kwa utaratibu uleule bila mjumbe. Ukitembea na mjumbe utaonyeshwa Mchikichini ya mjumbe, na wapangaji wasiolipa, wauza gongo na vijana wa kijiweni watakujibu kama watu wanaojibu serikali. Usiulize "Je, hapa ni salama?" Uliza: "Mwanao unamtuma mpaka wapi? Na usiku?" Mpe mtu karatasi achore mtaa. Usimwelekeze. Tazama anaanzia wapi, msikitini, kisimani au kituo cha basi, na tazama zaidi anachokiacha. Mkazi wa Kota anaweza kuchora ukurasa mzima bila bonde. Mtoto wa Bondeni anaweza kuanza na daraja. Uliza saa, kila mara, kwa sababu bila saa hakuna jibu litakalokufaa. Na uangalie viatu vyako, kwani wao wanaviangalia, na majibu yanaanzia hapo.

Nyaraka za zamani ziko Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, na mkusanyiko wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam haujachoka kutoa mambo mapya. Nyaraka hizo zitasubiri. Watu hawatasubiri. Mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliupitishia mkopo mwaka 2022, unawahamisha wakazi wa mabondeni kwa fidia. Familia nyingi zimeshaondoka na nyumba zao zimeshavunjwa. Kila familia inaondoka na ramani yake kichwani, na wazee wanaojua mto ulipita wapi kabla haujahama ni wachache. Kama wewe ni mwanafunzi na unatafuta mada, iache nadharia mpaka jioni. Waulize waliobaki wamehamia wapi wenzao, chukua basi, nenda ukawasikilize mwaka huu.